Sukhdei na Uzi Alioufunga Melini

Marehemu Sukhdei alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji kimoja karibu na mji wa Ara, Bihar, binti wa mwisho wa mfinyanzi Jhagru. Aliozwa akiwa na miaka tisa, akafiwa na mume kabla hata hajathubutu kumtazama usoni. Akabaki kwa wakwe, mjane wa kufagia zizi na kula makombo. Shule hakuiona. Mimi pia sikuiona. Haya ninayoyasema hapa kaburini ni ya kinywa changu mimi Mangri, dada yake wa meli, tuliyevuka bahari pamoja, na mwalimu wa misheni ndiye aliyeyaandika.

Mwaka 1874 alitoroka, akaweka dole gumba kwenye mkataba wa kazi ya mashamba kule Kalkuta, tukapakiwa meli moja kuja Trinidad. Wanawake tulikuwa wachache, na wanaume hawakutupa nafasi ya kupumua. Basi Sukhdei alichomoa uzi kwenye upindo wa sari yake, akaufunga mkononi mwa kijana mmoja mpole, Ramfal, mbele ya watu wote, kama dada kwetu anavyomfunga kaka yake ili amlinde.

"Huyu sasa ni kaka yangu," alisema. "Mwenye hamu ya kunigusa aanze na yeye."

Ramfal, mwembamba kama fito, akanong'ona, "Dada, umeniangalia vizuri lakini?"

Tulicheka mpaka machozi, ila tangu siku ile hakuna aliyemsogelea.

Alifanya kazi ya kukata miwa katika shamba la Santa Rosalia, Naparima, kwa mkataba wa miaka mitano. Bila kibali hatukuvuka lango. Aliwahi kufungwa jela kwa kwenda San Fernando kununua bizari. Alipotoka, mnyapara alimuuliza kama ameshika adabu. "Kule angalau mlango wa jela unaonekana," alimjibu.

Humo shambani walipendana, yeye na Ramfal. Nalisema waziwazi kwa sababu kambi nzima ilijua na kila mtu alijifanya kipofu. Kwetu sisi, waliovuka bahari pamoja ni ndugu wa damu, na hawa walikuwa na uzi juu yake. Walipopeleka shauri lao kwa wazee, mzee Tilak alitema mate.

"Kaka na dada mkeka mmoja? Mnataka kutuletea laana?"

"Uzi niliufunga mimi, baba. Niacheni niufungue."

"Binti, meli nzima ilishuhudia. Unadhani lile ni fundo la mzigo wa kuni?"

Nilitamani kumng'oa ndevu.

Mwaka 1878 mnyapara mpya, Gobardhan, alimposa. Alimposa kwa nani? Kwa kaka yake. Ramfal aliahirisha jibu mwezi mzima, hadi Sukhdei alipomfuata kisimani.

"Kubali," alimwambia. "Ukikataa watakuhamishia shamba jingine, nisikuone kabisa."

Akakubali. Harusini, kaka ndiye humiminia bibi arusi bisi za mpunga viganjani, naye huzitupa motoni. Ramfal alizimimina ovyo, nusu zikamwagika chini. Watu wakasema, jamani, kaka ana furaha huyo! Na kila mwaka, sikukuu ya uzi ilipofika, ilimbidi Sukhdei amfunge uzi mpya, mume akitazama na kuwakaribisha chakula. Shemeji Gobardhan, hukumpiga wala kumnyima kitu. Hilo nalikiri mbele ya kaburi. Lakini dada yangu alikonda ndani ya nyumba yako nzuri.

Septemba 1881 alijifungua mtoto wa pili, ambaye hakuishi, na homa ikamshika. Tarehe 3 Oktoba alasiri, Gobardhan mwenyewe alimwita Ramfal, maana kaka hazuiwi mlangoni.

"Dada, nimekuja," Ramfal alisema.

"Usiniite hivyo."

"Ni homa hiyo, shemeji," Gobardhan akasema taratibu.

"Si homa. Ramfal, leta mkono."

Akauvuta ule mkono mdomoni, akaukata uzi kwa meno. Alifariki kabla ya jua kutua, akiwa na miaka ishirini na mitano.

Ameacha mume, Gobardhan. Binti wa miaka miwili, Phulmati. Na mimi, Mangri. Wazee wameniagiza nimtaje na kaka. Ramfal yule pale ameshika sepetu, mnamwona wote. Lakini Sukhdei hakuacha kaka.

Apumzike kwa amani aliyoichagua mwenyewe.