Siku Niliyosema Siumwi Popote

Ndugu zangu, mkisikia sauti yangu inatetemeka msidhani ni uzee tu. Ni woga. Bado ninao.

Wengi wenu hapa mtaani Free Area mnajua kwamba tangu nistaafu, mimi na mama watoto huenda Naivasha Jumamosi na wazee wenzetu, tukapige kasia ziwani. Nilianza kwa sababu ya presha. Nikaendelea kwa sababu ya raha. Nchi kavu mimi ni mtu wa kuburuta miguu, lakini mtumbwini nateleza kama bata.

Kikundi chetu kina desturi moja. Kabla ya kuingia majini tunasimama ufukweni, kila mtu anataja kinachomuuma siku hiyo. Kocha anasikiliza, kisha anatupanga viti.

"Goti," mmoja akasema siku hiyo.

"Kiuno."

"Mimi kinachoniuma ni huyu mzee," mama watoto akasema akininyooshea kidole. Tukacheka.

Zamu yangu ikafika. Nawaambia ukweli, kwa majuma kadhaa mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukifa ganzi. Kikombe cha chai kilikuwa kimeshaniponyoka jikoni, nikasingizia sabuni. Lakini ningeutaja mkono huo, ningenyang'anywa kiti cha nyuma, kile cha kuongoza mtumbwi. Nikasema, "Mimi siumwi popote."

Kocha akaniamini. Akaniamini pia mama watoto, aliyekaa mbele yangu akinipa mgongo.

Upepo wa mchana ulitukuta karibu na ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama ziwani, miaka ile maji yalipopanda. Wenzetu, na kocha katika boti yake ya injini, walikuwa wametutangulia mbali. Hapo mkono ukazima. Niliuona umeshika kasia, lakini sikuusikia. Kasia likachukuliwa na maji. Mtumbwi ukageuka ubavu, mawimbi yakaanza kuingia ndani.

"Mzee, mbona tunazunguka?"

"Ni upepo," nikajibu. Hata hapo, ndugu zangu! Hata hapo nilidanganya.

Ndipo kiboko akatoa kichwa kati yetu na ufukwe. Akapuliza pua, akazama tena. Kumwona si kitu. Hofu ni kutojua sasa yuko wapi. Nilitazama mgongo wa mke wangu ndani ya lile jaketi la kuelea, nikawaza: huyu atakufa, na hatajua kilichomuua ni nini. Nilitaka kuomba, lakini maneno yaliyonitoka ni yale niliyokuwa nimeyaficha.

"Mkono umekufa. Kasia limeenda. Nilijua tangu asubuhi."

Hakugeuka.

"Matusi yako nimeyaweka, utayapata tukifika," akasema. "Mti wa karibu uko wapi huko nyuma?"

"Kulia kwako. Rudi nyuma. Tena. Tena kidogo."

Alipiga kasia kinyumenyume, mimi nikawa macho yake, mpaka nikaukumbatia mgunga mmoja kwa mkono uliobaki. Uchafu wa ndege ulinijaa usoni. Sikuuachilia mpaka tuliposikia injini ya boti ya kocha. Na yale matusi, wapendwa, niliyapata yote.

Hospitalini walisema ni mshipa uliobanwa shingoni. Nimefanya mazoezi kwa miezi, na nguvu zimerudi, ingawa si zote.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kocha, ambaye hakunifukuza. Nakushukuru wewe, mama watoto, uliyekaa pale umekunja mikono. Nanyi wazee wenzangu, msiache mazoezi kwa sababu yangu. Mwili ukizeeka unaweza bado kufurahi, mradi useme ukweli wake kabla ya kuingia majini.

Jumamosi iliyopita tulisimama tena ufukweni. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mkono wa kushoto."

"Basi kaa mbele," akasema kocha.

Nikakaa mbele. Mama watoto akakaa nyuma, mahali anapouona mkono wangu.