Kwa Moyo Mkunjufu

Wazee wawili waliokaa mbele ya mshonaji walikutana mle mle kwenye basi, na tayari walikuwa wanabishana kama mawifi.

"Kazi ifanye kwa moyo, ndugu yangu," alisema mmoja wao, karani. "Miaka ishirini nagonga muhuri, na kila asubuhi naamka kama bwana harusi."

Mwenzake, fundi bomba, aliguna. "Mimi nazibua vyoo. Nishangilie nini?"

"Piga hata mluzi! Mimi hata nikikataa ombi la mtu, nagonga kwa raha mpaka meza inaruka."

"Na mwenye ombi naye anaruka?"

Basi likasimama. Mshonaji akachungulia bahasha yake. Ombi lake la kibanda sokoni lilikuwa limekataliwa kwa moyo mkunjufu kabisa: muhuri ulikuwa umetoboa karatasi zote tatu.