Kamera ya Manjano Matangani

Katika tuktuk ya kwenda Lubao nilikaa katikati ya ugomvi. Kushoto, mama mmoja alishika kamera ndogo ya manjano. Kulia alikaa kijana mwenye koti lililoandikwa "Phanuel Picha".

"Mama, hiyo ni ya watoto. Haina flashi. Unaenda kupiga nini?"

"Mazishi ya mama yangu."

"Chini ya hema? Nyuso zitatoka nyeusi kama masizi! Wajukuu wanazungukanga jeneza kupigwa picha mara moja tu. Likishashuka, utalifukua?"

"Koma, kijana! Nyinyi mlipiga mazishi ya baba, mpaka leo tunangojanga picha. Hii haiogopi maji, na haitoroki."

"Ulinunua rangi, si kamera."

Kwa haki, bei ya kamera ndogo kama ile hununua kinga ya maji au flashi, mara chache vyote viwili.

Tuktuk ilisimama penye matanga, na mvua ikaanza kunyesha. Phanuel akafunga upesi begi la kamera yake nyeusi. Mama alishuka, akageuka.

"Haya, toa yako tuone."

"Ingia na hiyo kwa hema tuone!"

Ndani ya hema, wajukuu walikuwa wameanza kujipanga kuzunguka jeneza.