Dada Yangu, Fundi wa Vifungo vya Pembe

Ndugu, majirani, na ninyi wa karakana mliokuja na aproni zenu, familia imeniomba nisome historia ya maisha ya dada yangu, na niseme mapema kwamba familia iliyoniomba ni mimi mwenyewe, kwa kuwa tulizaliwa wawili tu, na leo nimebaki peke yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Novemba 1955, katika chumba cha nyuma cha nyumba ileile aliyofia, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi aliyetengeneza vitana kwa pembe za ng'ombe, nami nilimfuata miaka sita baadaye. Alianza masomo Januari 1963 katika shule ya msingi iliyokuwa jirani na machinjio, akasifiwa kwa hesabu na kwa mwandiko, lakini tarehe 19 Juni 1967 mama yetu alifariki, na dada, akiwa na miaka kumi na mmoja, akaacha darasa la tano ili anilee. Mwalimu wake alikuja nyumbani mara mbili kumwombea arudi, baba akabaki anatazama sakafu, na aliyejibu ni dada mwenyewe: "Mwalimu, usijali, huyu mdogo akianza kusoma, nitasoma madaftari yake." Alitimiza, maana mpaka namaliza kidato cha nne aliyasoma yote, na zipo hesabu zangu alizozisahihisha kabla mwalimu hajaziona, nami nikapigiwa makofi darasani kwa kichwa kisichokuwa changu.

Kuhusu kazi, alijifunza kwa baba, na wengi hapa mnaijua, kwamba pembe huchemshwa hadi ilainike, hupasuliwa na kunyooshwa kati ya mbao mbili nzito, kisha hukatwa miduara, hutobolewa matundu kwa keekee ya mkono na kusuguliwa kwa majivu mpaka ing'ae, na kwamba harufu yake haina adabu, huingia kwenye nywele, kwenye shuka na kwenye sare ya shule. Mimi harufu hiyo ilinishinda. Wenzangu waliniita Pembe, na badala ya kucheka nao nilianza kumwonea haya mtu aliyenifulia sare hiyo, na Februari 1980, nilipopata ukarani katika ofisi ya maji ya mji mwingine, niliondoka na sanduku moja nikasema nitarudi mwisho wa mwezi, nikarudi baada ya miaka mitano, kumzika baba.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980 na dereva wa malori, mtu mcheshi, mwenye sauti ya kujaza nyumba, wakaishi pamoja vizuri hadi Agosti 1986, mume alipoondoka na shehena ya saruji asirudi. Lori lilionekana, saruji ikafika salama, dereva hakuonekana. Dada hakuwa mjane wala hakuwa mke, na watu hawakujua wampe pole ipi, hivyo wengi hawakumpa yoyote. Mwaka 1991 dereva mwingine alileta ujumbe kwamba mwenzake ana nyumba nyingine huko aliko, anasema asimsubiri, na dada, aliyekuwa amesubiri miaka mitano, alimjibu bila kuacha kusugua, "Mwambie sikumsubiri, nilikuwa na kazi." Jibu hilo lilichekwa mtaa mzima, na dada aliwaacha wacheke.

Katika historia kama hii hapa ndipo hutajwa watoto na wajukuu, nami nilikaa na kalamu mahali hapa kwa muda mrefu, kwa sababu hakujaliwa mtoto, na pia kwa sababu si kweli kwamba hakulea, aliyelelewa ndiye huyu anayewasomea.

Vitana vya plastiki vilipojaa madukani alihamia vifungo, vikishonwa kwenye makoti na fundi koti wa kona ya barabara, na vifungo vya plastiki navyo vilipokuja akapitisha miaka kumi na miwili akifua mashuka ya hospitali mchana na kutengeneza vifungo vichache jioni, visivyoagizwa na mtu. Nilimuuliza siku moja kwa simu ni vya nani, akasema, "Ni vya mkono, usije ukasahau kazi." Miaka hiyo alikuwa akiacha redio ikizungumza chumba cha pili, akikaa yeye chumba cha kwanza, ili asikie kama kuna mtu upande wa pili, na jambo hili sikuambiwa naye, niliambiwa na jirani aliyedhani nalijua.

Mwezi Machi 2009 alifika mwanamke mwenye kampuni ya nguo, aliyekuwa amekiona kifungo chake kwenye koti kuukuu, akaeleza kwamba nguo zake zinatengenezwa kwa haki, na kwamba anataka kila koti libebe lebo yenye jina la aliyelifanyia kazi. Dada alikubali vifungo akakataa lebo. Alisema pembe hazijileti, yupo mchinjaji anayezichagua, yupo msukuma mkokoteni, yupo muuza kuni, yupo mama anayechekecha majivu, wote waandikwe au asiandikwe mtu. Mwenye kampuni akasema kwa upole kwamba lebo ni ndogo, na dada akamjibu, "Basi ongeza kitambaa, si wewe ndiye mwenye kampuni ya nguo?" Kitambaa kiliongezwa, lebo ikawa ndefu kama utepe, na fundi koti alipenda kusema kwamba anayelivaa koti hilo anapeleka mtaa wetu wote matembezini.

Kazi ilikua, wakaajiriwa wanawake watano, na walimheshimu, wakamwita Mama Pembe, lakini saa kumi wote walikwenda kwao, naye alibaki kufagia vumbi.

Vumbi hilo ndilo lililomletea ugonjwa wa kifua. Alianza kukohoa mwaka 2017, akavaa barakoa kidevuni kama wavaavyo wakaidi, akatuambia ni mafua, na Novemba mwaka jana madaktari wakaona mapafu yamekakamaa, yasiyoweza tena kurudi katika hali yake. Hakunipigia. Aliyenipigia ni mama wa majivu, tarehe 20 Aprili mwaka huu, aliyesema tu, "Kaka, njoo, usije na maneno, njoo."

Nilikuja, nimeshastaafu, sina udhuru uliobaki. Nilimkuta ameegemea mito mitatu, mkono wake hauwezi msumeno, na agizo la vifungo vya makoti mia nne halijafika nusu. Hakunisalimu, alinionyesha kiti cha baba. Wiki nane nilikata mimi, akakagua yeye kwa kidole gumba, na vingi akavirudisha, akisema karani ameharibu pembe ya ng'ombe wa watu. Siku ya tisa aliniuliza, "Mbona hukuwa unakuja?" Nilikuwa na majibu mengi niliyoyatayarisha kwa miaka, ya kazi, ya nauli, ya watoto, nikajikuta nasema kweli, kwamba niliionea haya harufu ya nyumba hii, na baadaye nikaona haya kwa kuwa niliona haya. Alivuta pumzi zake fupifupi, akasema, "Nilijua. Kata hicho kingine, mkono wako unaanza kurudi."

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nimeombwa na wengi niseme alifia mikononi mwa nduguye, na ningependa iwe hivyo, lakini historia lazima iwe sahihi, nami nilikuwa uani naosha mikono, dakika zisizozidi tano, na niliporudi alikuwa ameshakwenda, peke yake, redio ikisoma habari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa hewa alipokosa yake, jirani aliyekuja kila alfajiri kumgeuza ubavu, fundi koti, mchinjaji, msukuma mkokoteni, muuza kuni, mama wa majivu, na wanawake wa karakana, ambao jana walikaa nami kutwa nzima tukakamilisha vifungo sitini na vinne vilivyosalia, bila mtu kutuambia kipi ni kibaya, tukavirudisha wenyewe vingi kuliko ambavyo angevirudisha yeye. Nawashukuru kwa kukaa naye miaka ambayo nafasi hiyo ilikuwa yangu.

Dada, sina la kukusahihishia. Pumzika kwa amani, mimi nipo, siendi popote.