Kemia Imebaki, Mama Mkunjo Anaondoka

Kwanza naomba radhi kwa mhariri wa jarida letu la wafanyakazi. Alinipa kazi hii tangu mwezi uliopita, na kila tukipishana kwenye korido nilijifanya nina haraka. Haraka kweli ninayo. Mwanangu anaota meno, na mimi kemia inaniotesha mvi. Lakini nimekaa sasa, mtoto amelala, naandika.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, msimamizi wetu wa chumba cha kufulia anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali hii. Kwenye faili ana jina lake kamili. Huku chini kwetu, kwenye mvuke na sabuni, anaitwa Mama Mkunjo, na hata mganga mkuu akipiga simu huuliza, "Mama Mkunjo yupo?"

Alianza kazi akiwa msichana, akifagia wodi ya wazazi. Akahamishiwa kufua wakati mashuka bado yanasuguliwa kwa mikono kwenye mabeseni ya saruji. Mashine ya kwanza ilipoletwa, fundi aliyekuja kuifunga alijigamba kwamba itafanya kazi ya watu sita. Mama Mkunjo akamuuliza kama itajua pia kutoa sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka. Fundi akacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo hakuna shuka linaloingia mashineni kabla mtu mwenye glavu nene hajalikung'uta, na utaratibu huo ndio uliotuacha na vidole vyetu salama mpaka leo. Chini ya usimamizi wake hakuna upasuaji ulioahirishwa kwa kukosa gauni safi, hata ile wiki mabomba yalipokauka na tukawa tunapokezana ndoo ngazi nzima.

Ulimi wake mnaujua. Akikuta shuka lililokunjwa ovyo, analifungua, analitupa mezani na kuuliza, "Hili limekunjwa na nani, upepo?" Anayehusika hujitokeza mwenyewe.

Kwa ambao hamjawahi kushuka huku: shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Mnashika ncha mbili mbili, mnalivuta mpaka linyooke, mnalikunja, kisha mnatembea mpaka mikono ikutane, mmoja anampa mwenzake ncha zake na kushika mkunjo wa chini. Mnarudi nyuma, mnakutana tena. Asubuhi nzima ni kwenda na kurudi kama watu wanaosalimiana bila kuchoka. Hapo ndipo Mama Mkunjo alipofanya jambo ambalo haliko kwenye faili lake, nami naona liandikwe.

Mimi nilikuja kufua nikiwa na mtoto mchanga na nia ya kuwa muuguzi. Chuo cha uuguzi hakikupokei kabla hujafaulu baiolojia, hisabati na kemia. Nikajiandikisha shule ya watu wazima ya jioni, na kazi sikuweza kuiacha, maana maziwa ya mtoto hayasubiri mtu amalize shule. Baada ya wiki chache nilikuwa nasinzia nimesimama. Nikamweleza Mama Mkunjo, nikitegemea kuambiwa nichague moja. Aliniuliza kama kitabu chenyewe kinaingia mfukoni. Hakiingii. "Basi kiache nyumbani," akasema, "njoo nacho kichwani."

Kesho yake alishika upande wa pili wa shuka langu. Akataka nimwambie damu inapitaje ndani ya moyo. Kila mikono yetu ikikutana, lazima niwe nimesema hatua moja: inaingia chumba cha juu kulia, inashuka chumba cha chini, inakwenda mapafuni, inarudi chumba cha juu kushoto, inashuka, inatoka kwenda mwilini. Nikikwama, analikung'uta shuka lote: "Anza upya, mwanangu, damu imemwagika." Baada ya mwezi chumba kizima kilijua njia ya damu. Kaka wa Pasi, ambaye kazi yake ni kunyoosha foronya, alikuwa akinijibia kutoka ng'ambo ya mvuke mpaka akaahidiwa kufungwa mdomo kwa foronya hizo hizo.

Hesabu yetu ilikosea mahali pamoja. Nilikuwa nimejifunza kila kitu nikiwa nimesimama, mikono imeshika ncha. Kwenye mtihani wa baiolojia nikakalishwa kwenye dawati, na kichwa kikawa cheupe kama shuka lenyewe. Nikavua mtandio, nikaanza kuukunja mapajani ili damu ipate njia. Msimamizi wa mtihani akaja mbio, akauchukua, akaukagua uzi kwa uzi akitafuta majibu niliyoficha. Hakukuta kitu, lakini muda ulikuwa umekwisha, na baiolojia nikaanguka.

Nilidhani Mama Mkunjo atanionea huruma. Wapi! Alipindua kapu la nguo, akanikalisha juu yake, akanipa nepi za wodi ya watoto nizikunje kwa mikono isiyonyanyuka, baadaye akaziondoa nepi, nikabaki nimekaa nikijibu kwa mdomo mtupu. "Sasa hata wakikufunga kamba utajibu," akasema. Niliporudia mtihani, nilifaulu. Hisabati nayo nilipita, nadhani kwa sababu ya vipimo vyote vile vya sabuni.

Ikabaki kemia, na kemia, tofauti na masomo mengine ya jioni, ina maabara Jumatano asubuhi, saa zangu za kuchambua nguo chafu. Jumatano ya kwanza nilimkuta msimamizi mzima amevaa glavu zangu, amesimama mahali pangu. Nikamkatalia. Akaniambia, "Mimi ni bosi wako au shemeji yako? Nenda darasani."

Ndivyo tulivyokuwa tukienda mpaka barua yake ya kustaafu ilipofika. Mtihani wangu ni mwezi ujao. Yeye anaondoka Ijumaa. Msimamizi mpya, mzee mmoja mkimya kutoka idara ya jikoni, alikuja na ratiba yake ya zamu, na ndani yake Jumatano yangu haikuwepo. Nikikosa maabara hizi za mwisho, siruhusiwi kufanya mtihani, na chuo nakiona kwa mbali mwaka mwingine tena.

Nikasikia kwamba Mama Mkunjo amekwenda ofisini kuomba aongezewe miezi. Magoti yake yamechoka, na mumewe amekwisha kupaka rangi nyumba wanayohamia. Nilimfuata kwenye chumba cha mashuka safi nikamwambia kwamba akibaki kwa ajili yangu, mimi darasani sirudi. Akaniambia nimekuwa jeuri. Nikamwambia nimefundishwa na nani? Siku ile kila mmoja wetu alikunja shuka lake peke yake, ncha zimebanwa kidevuni, na mashuka yakatoka kama yamekunjwa na ule upepo wake.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kuifuta barua ya kuomba kubaki. Kisha akawakusanya wafuaji wote, akamwita na msimamizi mpya. Hakubembeleza. Alisema Jumatano zilizobaki zigawanywe, kila mtu achukue moja, na ziandikwe kwenye ratiba, zisiwe hisani ya mtu, kwa sababu mwenye hisani anastaafu. Msimamizi mpya akaitandaza ratiba yake mezani. Akakubali mpaka siku ya mtihani, si zaidi, na kwa sharti gauni za upasuaji zitoke saa ile ile. Ni haki yake. Ratiba iko ukutani. Jumatano iliyopita Kaka wa Pasi alichambua nguo chafu kwa mara ya kwanza, na bado anasimulia kama mtu aliyetoka vitani.

Mama Mkunjo, wote wa huku chini tunakushukuru, na wa wodini ambao wamelalia kazi yako bila kujua. Ukae vizuri na mzee wako, magoti yapate nafuu, na asubuhi zako ziwe ndefu na za kwako mwenyewe.

Ila usidhani tumemalizana. Bado nahitaji unitumie haya: maswali ya kemia, kuanzia asidi mpaka chumvi, uyarekodi kwa sauti yako kwenye simu na unyamaze kidogo baada ya kila swali, maneno unayomwambia mtu wa stoo akidai sabuni imekwisha, namba ya simu ya mzee, kwa sababu yako huipokei, na siku moja utakayoweza kuja, yoyote, mradi iwe baada ya matokeo kutoka, maana bahasha ile sitaki kuifungua nikiwa peke yangu.