Kompyuta Tano Zilizomo Ndani ya Moja: Maneno ya Wafanyakazi wa Kiwanda cha Mikate kwa Mkurugenzi Mkuu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu kutoka Makao Makuu. Meneja wetu wa kiwanda. Wakuu wa idara. Majirani mliovutwa na harufu mkaona bora muingie. Mabibi na mabwana:

KARIBU KWETU

Sisi wakanda unga, wachomaji, wafungaji, madereva, wafagiaji na askari wa lango tunakukaribisha kwa mikono miwili iliyonawa. Tunajua una shughuli nyingi, na tumeona umeshatazama saa. Umekuja kuzindua chumba chetu cha kompyuta tano, na mbele yako zipo tepe tano, kila moja kwenye meza yake. Kabla hujashika mkasi, tunaomba utege sikio kidogo, maana meza nne kati ya hizo hazina kitu juu yake. Hatukuibiwa, wala hatukusahau. Aliyesababisha hali hiyo ni mwanamke mmoja, na habari zake ndizo tunazotaka kukusimulia.

TULIKOTOKA

Zamani kidogo tulikuwa na kompyuta tano za kushikika. Ya oda ilikaa kwa madereva, ya mishahara kwa mhasibu, ya mzani ghalani, ya lango kwa askari, na ya tanuri ilikaa karibu na tanuri lenyewe, ikitokwa jasho kama sisi. Unga uliingia kila tundu. Ya oda ilikuwa haiwaki mpaka mfungaji mmoja aipepee kwa kifuniko cha boksi, na yule dada alizoea kiasi kwamba nyumbani kwake alikuwa akiipepea televisheni, mumewe akimtazama tu. Ya tanuri ilitumia programu kongwe ambayo wenyewe walioitengeneza walikuwa wameacha kupokea simu zetu.

Ndipo akaajiriwa fundi wa kompyuta, mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Jina lake lipo kwenye faili. Sisi tulimwita Mama Swichi, kwa sababu siku yake ya kwanza alizunguka kiwanda kizima akizima swichi moja baada ya nyingine na kuuliza, "Na hii ya nini?" Mikate ya mchana ilitoka mbichi. Hatukumpenda hata kidogo.

Siku chache baadaye akaja na maneno yake. "Nataka mashine moja. Moja tu, lakini yenye kifua. Hizi tano nitazihamishia humo, kila moja iendelee kujiona iko peke yake duniani."

"Zitaenea?" akauliza mchomaji mkuu.

"Kaka yangu, ya lango inafanya kazi asubuhi watu wakiingia na jioni wakitoka, kutwa nzima imelala. Ya mzani kazi yake kujumlisha. Kwa nini kila moja ile umeme wake na iwe na feni yake ya kumeza unga?"

Mheshimiwa, programu inayoigawa mashine moja ikawa nyingi huitwa haipavaiza. Ulimi ulitushinda, tukaiita Mwenye Nyumba. Zile zinazokaa ndani, ambazo wataalamu huziita mashine pepe, tukaziita wapangaji.

Kikaitishwa kikao cha kumchagua Mwenye Nyumba. Mkuu wa manunuzi alimtaka yule ambaye kijitabu chake kilikuwa na karatasi inayong'aa. Dereva wa gari kubwa alimtaka yeyote mwenye rangi ya bluu. Mhasibu alitaka kujua kama tunaweza kumkopi kwa jirani. Mama Swichi akawaacha waseme mpaka wakauke, kisha akauliza maswali yake. Nikiumwa, nani ataweza kuishika hii kitu? Mwaka wa pili watakuja kudai ada tusiyoiweza? Itakubali kuibeba ile programu kongwe ya tanuri? Inakaa moja kwa moja kwenye chuma, au inataka kwanza kupandishwa juu ya mfumo mwingine ambao nao una magonjwa yake? Na tukiichoka kesho, wapangaji wetu watatoka salama, au watazuiliwa mlangoni?

Akachagua ambayo haina ada, inayokaa kwenye chuma moja kwa moja, na yenye watumiaji wengi duniani wanaojibizana mtandaoni kwa ukali mpaka jibu sahihi linapatikana. Haikuwa na rangi ya bluu. Dereva hakuongea naye mpaka mwisho wa mwezi.

MAFANIKIO

Mafanikio yalikuwepo, tena si haba. Oda za maduka zikafika kabla ya mikate badala ya kufika baada. Mama Swichi alimpimia kila mpangaji kumbukumbu na nafasi yake, akabakiza akiba, na akampa wa Mishahara zaidi kidogo kwa sababu mwisho wa mwezi huwa na presha kama mhasibu mwenyewe. Kila Ijumaa alichukua nakala ya wapangaji wote, akaiweka kwenye diski ya pembeni, akaifungia chumba kingine. Na alikuwa na tabia ya kuirudisha nakala moja, yoyote ile, kuona kama kweli inaamka. "Nakala ambayo hujawahi kuiamsha ni matumaini tu," alikuwa akisema, tena anasema kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya barabara, hata mtu akiwa kaja kuomba stapla.

Hapa tuwe wakweli, Mheshimiwa. Mama Swichi ana kasoro. Ukimuuliza saa ngapi, anaanza na jinsi saa inavyopata muda kutoka kwenye mtandao. Na hana subira na mtu asiyemsikiliza. Hayo mawili ndiyo yaliyomponza.

CHANGAMOTO

Makao Makuu yalikuwa yameidhinisha kompyuta tano mpya badala ya zile kongwe. Kwa hiyo akatumwa msimamizi wa mali, tuliyemwita Bwana Lebo kwa mapenzi tu, aje azibandike lebo. Akakuta boksi moja.

"Nyingine nne ziko wapi?"

"Zimo humo," akasema Mama Swichi.

"Fungua."

Akafungua. Bwana Lebo akawasha tochi, akaingiza kichwa mpaka masikio. Alikaa humo kitambo.

"Sioni kompyuta. Naona feni."

Mama Swichi akamweleza. Akamchorea ubaoni. Akamwonyesha kwenye skrini wapangaji wote watano wakiwa wazima. Bwana Lebo, kwa nia njema kabisa, akabandika lebo zake juu ya ile skrini, tukawa hatuwezi tena kusoma oda za upande wa kushoto. Lakini baadaye akarudi na wasiwasi: lebo tano kwenye kioo kimoja si sawa. Akauliza tena ziko wapi. Hapo Mama Swichi, jasho likimtoka, akamjibu, "Baba, kwani si umezikalia?"

Bwana Lebo akaruka, akakikagua kiti.

Taarifa iliyoandikwa ilisema kompyuta nne zimeibwa, na inashukiwa zimefichwa ndani ya ya kwanza. Askari wetu wa lango akahojiwa kama aliziona zikitoka. Ni mtu asiyeweza kusema uongo; akajibu hakuziona hata zikiingia. Ikaongezwa kwamba wizi ulifanyika kabla mali haijafika. Mama Swichi akapewa likizo ya lazima mpaka azirudishe. Wakati huohuo zikaletwa meza tano na viti vitano, kwa mujibu wa ule waraka unaosema kila kompyuta iwe na meza yake na kiti chake. Waraka wenyewe, Mheshimiwa, ni mzuri, umeandikwa kwa ufasaha, na sahihi iliyo chini yake tunaiheshimu sana, hasa leo ikiwa imekaa mbele yetu.

Tukiri pia kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemtetea siku ile. Tulimwona akibeba mkoba wake na bilauri yake ya chai, akipita katikati yetu taratibu kuliko kawaida yake. Alitwambia baadaye kwamba alikuwa akipunguza mwendo ili mtu aseme neno. Tulikuwa tunatazama viti vipya.

Akabaki Meneja kumshika Mwenye Nyumba. Meneja wetu ni mtu wa watu, na asingependa tuseme uongo mbele yake. Aligundua kitufe kinachopiga picha ya hali ya mpangaji, ili ukiharibu jambo uweze kurudi nyuma. Mama Swichi hukitumia kabla ya kubadilisha kitu, mambo yakienda sawa anaifuta ile picha. Meneja alikipenda. Alipiga picha kabla ya kikao. Alipiga baada ya kikao. Alipiga kabla ya chai, na siku ya kuzaliwa kwa binti yake aliwapiga wote watano kama kumbukumbu ya familia. Hakufuta hata moja. Sasa picha hizi, Mheshimiwa, hazikai kimya kama za ukutani. Zinanenepa kila kukicha.

Asubuhi moja diski ikajaa pomoni. Wapangaji wote wakasimama kwa mkupuo. Tanuri likapoa. Lango likagoma kumtambua mtu, walio nje wakabaki nje na walio ndani wakabaki ndani. Askari ufunguo anao, lakini kanuni inasema atalifungua kwa ruhusa ya kompyuta.

Unga uliokwisha kandwa haukuwa na habari. Uliendelea kuumuka. Ulijaa mabeseni, ukashuka mezani, ukakata kona ya korido kama mtu anayejua anakokwenda, ukaubana mlango wa ofisi ya Meneja kwa nje, na yeye yumo. Tulimsikia akipiga simu.

Mama Swichi alikuwa kwa dada yake, anamenya vitunguu. Alifikiri ni simu ya kumfukuza kazi, akaiacha ilie mara ya kwanza. Ya pili akapokea.

"Mama, kuna unga mlangoni kwangu," akasema Meneja. "Na kompyuta imesimama."

"Umepiga picha ngapi?"

Meneja akaanza kuhesabu, akaishiwa vidole.

Alikuja na mikono yake ya vitunguu. Langoni akaweka kidole, lango likanyamaza. "Mama, lango halikujui," akasema askari kwa masikitiko. "Halimjui mtu leo, hata mimi." Basi tukamwingiza kwa dirisha la kutolea mikate, akiwa amejilaza kwenye mkanda unaobeba mikate, na dada wa kufunga, aliyekuwa akifanya kazi kwa mazoea, alikuwa ameshamviringisha karatasi mpaka magotini tulipopiga kelele.

Alikaa mbele ya boksi akavuta pumzi. Alikuwa na hasira, alitwambia, hasira ya kutaka kuzima vyote arudi kwenye vitunguu. Kisha akawaona wapangaji wake kwenye skrini, wote wekundu, ile nusu iliyokuwa inaonekana, akasema, "Poleni wanangu." Akamhamisha wa Mishahara kwenye diski ya pembeni ili ipatikane nafasi ya kupumulia, akaanza kuzifuta picha moja moja, bila pupa, kwa kuwa kila moja lazima iungane kwanza na mpangaji wake, na ukiharakisha unapoteza yote.

"Hata ile ya kabla ya chai?" Meneja akauliza kwa kupitia tundu la ufunguo.

"Hasa hiyo."

Tanuri likaamka. Lango likafunguka. Meneja akatolewa kwa kisu cha mikate na kwa heshima zote.

Tungetamani tuishie hapo. Lakini ilionekana kwamba Mama Swichi alikuja akiwa likizoni, na mtu aliye likizoni hafanyi kazi, hivyo basi matengenezo yale hayakufanyika. Kwa maandishi, kiwanda bado kimesimama. Makao Makuu yametutumia salamu za pole. Tangu siku ile tunaoka mikate ambayo haipo, madereva wanaipeleka madukani, na watu wanaila na kushiba.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba itambulike kwamba tunafanya kazi.

Pili, tunaomba boksi la pili, likae jengo lingine, ili la kwanza likiugua wapangaji wahamie huko bila sisi kuogelea kwenye unga. Tunaliomba kwa woga, maana likija itabidi meza ziwe kumi. Tuko tayari kukaa nje.

Tatu ndilo lililotuleta. Tulimfuata Mama Swichi kwa dada yake kumwomba msamaha. Alitukaribisha, akatutolea chai, akatusikiliza. Tukamuuliza anataka nini: barua, cheo, Bwana Lebo aje apige magoti? Akasema ameshapata kazi kwingine, anaanza wiki ijayo, na huko wana maboksi mawili. Kisha akaangalia mikono yake akasema, "Mimi kitu kimoja tu. Miaka yote hii hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuniuliza kazi yangu ni nini, akanisikiliza mpaka nimalize."

Mheshimiwa, yupo. Ni yule mrefu aliyesimama karibu na mlango, aliyevaa nguo ya njano, anayejifanya kusoma tangazo la kuzima moto. Tunakuomba umuulize. Maelezo yake ni marefu, atachora, na katikati utafikiri amemaliza kumbe bado. Hata sisi hatujawahi kufika mwisho. Tumekubaliana kwamba leo, ukikaa, tutakaa na wewe.

Mungu akupe afya, usikivu na safari njema ya kurudi, hata ikichelewa.

Ni sisi wako,
Wafanyakazi wa Zamu Zote, Kiwanda cha Mikate