Kumuaga Ndugu Gelasius wa Inzi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Katibu wa TANU, Baba Paroko, Ndugu Sajenti Leonidas na wenzako wa polisi, wafanyakazi wenzangu wa ofisi ya ndorobo, Mama Katarina, mke wa mstaafu, nanyi ndugu zetu mliotoka Sitalike na Sibwesa: kila mmoja kwa cheo chake na kwa umri wake, nawaamkieni.

Nimepewa kazi ya kumuaga Ndugu Gelasius, mtu niliyekaa naye meza moja tangu mwaka 1961. Chakula kiko tayari na inzi wamekwisha kufika kabla yetu. Namwona mama mmoja pale akiwafukuza kwa kanga. Mama, subiri kidogo, mgeni wetu wa heshima huenda akataka kwanza kujua ni wa aina gani. Wauza nyama wa sokoni wanamjua vizuri. Akikaribia meza zao humwambia, "Mzee Inzi, leo nunua au pita, usitukagulie wageni wetu."

Kazi tuliyoajiriwa ni ndorobo, inzi wa malale, na ndorobo hasumbui kumtambua. Akitua hulaza bawa moja juu ya jingine, kama mikono ya mtu aliyetulia kanisani, na mdomo wake huchomoza mbele. Wengine wote walionaswa tulikuwa tukiwatupa. Ndugu Gelasius aliwaokota. Aliwatazama kwa hadubini, yule wa kijani anayeng'aa, na yule wa kijivu mwenye mistari mitatu mgongoni na tumbo lenye miraba kama ubao wa drafti. Nasi alitufundisha kwa amri moja iliyotuudhi sana: "Usiniambie jina. Niambie unachokiona." Je, nani anapenda kuambiwa aeleze manyoya na mishipa ya mabawa ya mdudu ambaye jina lake analijua tangu utotoni?

Ndugu wananchi, faida ya amri ile niliiona mwaka juzi, wakati wa kiangazi, nami naomba ruhusa ya ndugu wa Sibwesa niliseme hapa jambo lao.

Fabiani na Nyanzala walikuwa warina asali, na kambi yao ilikuwa mbali ng'ambo ya Sitalike. Fabiani akaugua homa huko porini, akafa. Nyanzala alifanya kama desturi ya kambi yao inavyotaka pale ndugu wanapokuwa mbali: alibandua gome zima la mti wa muyombo, akamlaza mwenzake ndani, akalifunga kwa kamba za miti na kuziba ncha zote mbili kwa udongo, kisha akashika njia kwenda Sibwesa kuwaita wenyewe. Lakini homa ile ile ilimwangusha njiani, akalala muda mrefu katika nyumba ya wakimbizi kule Katumba, hajitambui. Alipopata nguvu na kufika Sibwesa, polisi walikuwa wakimngoja. Kundi la warina wengine, likiongozwa na Kasimiri, lilikuwa limekwisha kumkuta Fabiani wazi ndani ya korongo, ameraruliwa na fisi.

Nyanzala akaeleza habari ya gome. Kasimiri na wenzake wakaulizwa kama waliliona jeneza la gome, wakaapa kwamba hawakuliona. Mganga wa serikali hakuona jeraha la silaha, ila fisi walikuwa wameharibu mno. Dada wa marehemu, Bibi Specioza, aliyeketi pale mbele, aliniambia siku ile kwamba kufa ni kwa kila mtu, lakini ndugu yake ametupwa kama mzoga, na aliyemtupa alikula naye sahani moja. Nyanzala alikuwa karibu kushtakiwa kwa kuua.

Mganga, kwa mazoea yake, alikuwa amechukua wadudu wa kwenye maiti na kuwatia ndani ya chupa za spiriti. Ndugu Gelasius akaketi nao. Funza wa inzi wa kijani walikuwako, ila wadogo. Funza hupumua kwa matundu ya nyuma. Aliyekomaa ana mipasuo mitatu katika kila tundu, na hawa walikuwa na miwili tu. Basi inzi hao wakubwa wa kijani walikuwa wamefika juzijuzi. Lakini katika mikunjo ya shuka la marehemu yalikuwamo maganda matupu, madogo, kila moja lina vipembe viwili mgongoni, na inzi wenyewe waliotoka humo: wana kibyongo, mapaja ya nyuma manene, na bawa ambalo mishipa yake minene yote imesongamana ukingo wa mbele. Huyo ni mdogo kiasi cha kupenya ufa ambao wa kijani hawezi kuupita. Alikuwa amezaliwa, amekua na ameruka, kabla wa kijani hawajafika.

Ndugu Gelasius alimwambia Sajenti kwamba inzi hawajui nani aliua, wala kama kuna aliyeua. Wanachosema ni kwamba mtu huyu alifungiwa mahali kwa siku nyingi, kisha akatolewa. Akaomba Kasimiri aitwe tena.

"Mlipofuata nyayo za fisi mliona nini?"

"Hakuna kitu, Mzee. Nyie mnataka gome, gome halikuwapo."

"Sikuulizi gome. Niambie ulichokiona."

Kasimiri akacheka kidogo. "Miti. Kichuguu. Mzinga ulioanguka, nyegere ameubomoa."

"Mzinga gani?"

"Wa gome, kama yetu yote. Umezibwa udongo upande mmoja."

"Mrefu?"

Kasimiri alitazama miguu yake, kisha akapima kwa mkono mpaka utosini, na mkono huo ukashukia mdomoni. "Mzee," akasema, "hakuna mrina anayetengeneza mzinga wa urefu ule."

Hakuwa amesema uongo. Je, mrina asali akiona gome lililozibwa udongo, ataita nini zaidi ya mzinga? Jina lilikuja kwanza, na macho yakaridhika. Sajenti Leonidas alikwenda mwenyewe, akalikuta gome, na shuka la pili la Fabiani likiwa ndani. Nyanzala akaachiliwa.

Ndugu Gelasius, watu watakusifu leo kwa hadubini. Mimi nakusifu kwa kilichofuata. Bibi Specioza alikuja ofisini, akakataa kiti. Hakuuliza habari ya mipasuo wala vipembe. Aliuliza, "Alimfunga vizuri?"

Nawe, mtu wa maneno machache, ulisimama ukamjibu, "Vizuri sana, dada. Inzi wakubwa hawakupata mlango."

Alitoka pale moja kwa moja mpaka nyumba aliyofikia Nyanzala, akamwomba aje Sibwesa akae na wafiwa, kwa kuwa msiba haukuwa umekamilika bila yeye. Nyanzala alikwenda.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ndugu wageni, kwa utulivu wenu na masikio yenu, asanteni sana.